Amefikaje?

Mwaka juzi nilipeleka muswada wangu wa kwanza wa riwaya kwenye nyumba moja ya uchapishaji hapa Dar es Salaam. Niliuandika kwa mkono kwenye kaunta buku nne, nikampa mshikaji mmoja mwenye stesheneri auchape, nikamlipa kwa mafungu mpaka akachoka kunidai. Kule ulikaa miezi saba. Uliporudi haukuwa na barua, ila kalamu nyekundu ilikuwa imepita. Kurasa arobaini za mwanzo zina alama za kawaida: nukta imesahauliwa, kiambishi kimepotea. Ukurasa wa 41 una neno moja tu, limeandikwa pembeni na kupigiwa mstari mara mbili: Amefikaje?

Baada ya hapo hakuna alama nyingine mpaka mwisho. Maana yake unaijua, msomaji. Mhariri aliishia hapo.

Sentensi iliyomkwaza ni hii: "Siku ya pili Tatu alijikuta yuko Dar es Salaam." Tatu ndiye mhusika wangu mkuu. Ukurasa wa 40 yuko Tabora, amegombana na shemeji yake, anafunga mzigo huku analia. Ukurasa wa 41 anashuka mjini kwa madaha, viatu vya kuchuchumia mguuni, anaangalia maghorofa. Katikati hapo kuna zaidi ya kilomita 800 za reli, nami nilizimaliza kwa neno "alijikuta".

Nilikasirika, sina haja ya kuficha. Kijiweni nilimtangaza yule mzee kuwa ni mtu wa zamani anayetaka kusomewa bei ya nauli. Lakini neno lake halikuniacha. Kila riwaya niliyoshika, kila hadithi iliyosomwa kwenye kikundi chetu cha uandishi, nikawa naliona pembeni limepigiwa mistari miwili. Amefikaje? Na nikagundua kwamba ugonjwa wa "alijikuta" si wangu peke yangu. Ni wetu sote tunaoandika sasa. Wahusika wetu hawaendi mahali, wanatokea. Mmoja yuko kijijini Newala, ukifunua ukurasa yuko Kariakoo ana duka. Mwingine anatoroka nyumbani saa sita usiku na asubuhi yuko Mombasa ananywa chai. Wanahamishwa kama magunia, tena gunia lina nafuu, maana gunia huwa na mtu aliyelibeba na akaugulia mgongo.

Nilipokuwa kidato cha tatu na cha nne tulifundishwa kuchambua riwaya kama fundi anavyofungua redio: fani huku, maudhui kule. Mhusika alikuwa bapa au duara. Mandhari yalikuwa halisi au ya kubuni. Sikumbuki hata siku moja kuulizwa mhusika anakwendaje. Tuliulizwa yuko wapi na anawakilisha nani, basi. Tukatoka shule tukiamini kwamba safari ni nafasi tupu kati ya tukio na tukio, mahali pa kuruka ili hadithi iendelee. Hoja yangu leo ni kwamba nafasi hiyo si tupu. Namna mtu anavyotoka hapa kwenda pale, kwa mguu, kwa gari, kwa chombo, kwa kubebwa, ndiyo inayoonyesha ana nini na hana nini, nani anamwamuru na nani anamngoja. Ukiiruka unaandika mtu asiye na mwili.

Na nianze na kitabu ambacho wengi tumekisoma kwa ajili ya mtihani tukakisahau siku ya mtihani, yaani Kuli cha Shafi Adam Shafi, kilichotoka mwaka 1979. Tulikariri kwamba ni riwaya ya tabaka la wafanyakazi, ya ukoloni, ya mgomo wa 1948 pale bandarini Unguja. Ni kweli yote hayo. Lakini irudie sasa kwa swali la yule mzee. Mambo yanafikaje? Mchele unafikaje dukani? Nguo inafikaje mabegani mwa bibi harusi? Zinafika kwa sababu kuna mtu amezitoa tumboni mwa meli na kuziweka nchi kavu. Rashidi na wenzake ndio mwendo wenyewe wa mji. Meli ina injini, gari lina injini, lakini kati ya meli na gari injini ni shingo ya mtu. Mji unakula na kuvaa bila kumwona. Kisha makuli wanagoma, na hapo ndipo riwaya inaponishika koo, kwa sababu kilele chake si mtu kufanya jambo, ni watu kuacha kusogeza vitu. Mwendo unasimama, na ndipo kila mtu mjini anatambua kwamba kumbe kulikuwa na mwendo.

Mwalimu angeniambia hayo ni maudhui. Mimi nasema ni fani pia. Mwandishi asiyejua uzito wa gunia asingeweza kuupanga mgomo ule ukauma, angetuletea hotuba tu. Na kusema kweli hotuba zimo, nyingine ndefu kupita kiasi, na ndizo sehemu ninazorukia. Migongo siiruki.

Sasa kuna watakaonirushia jina la Willy Gamba. Watasema: kaka, mbona Elvis Musiba alimrusha mpelelezi wake Nairobi, akamrusha Kinshasa, na sisi tulisoma vitabu vile mpaka majalada yakachanika, hakuna aliyeuliza amefikaje? Hoja nzuri. Lakini tazama vizuri. Kwa Willy Gamba ule wepesi ndio tabia. Ana pasipoti, ana serikali nyuma yake, ana tiketi ambayo hakuitolea jasho. Kijana wa Manzese mwaka ule hakuwa na hata kimoja, na alikula kurasa zile kwa njaa ya hivyo hivyo vitu alivyonyimwa. Ndege ya Willy Gamba ina maana kwa sababu msomaji yuko kwenye foleni ya basi. Shida inaanza pale tunapompa msichana aliyefukuzwa nyumbani, hana senti, wepesi ule ule wa mpelelezi wa serikali. Hapo tumedanganya.

Rosa Mistika ya Kezilahabi, ya mwaka 1971, ni jambo jingine kabisa. Siikumbuki kwa maelezo ya safari, naikumbuka kwa umbali. Namagondo iko Ukerewe, na Ukerewe ni kisiwa. Rosa akienda shule Mwanza kuna ziwa kati yake na mkono wa baba yake. Akienda chuo Morogoro kuna karibu nchi nzima. Kila anapohama, kamba inaongezeka urefu, na kamba iliyokuwa imevutwa sana ikiachiwa ghafla tunajua inavyofanya. Wengi wamebishana kama kosa ni la Rosa au la Zakaria. Mimi natamani siku moja mtu achukue ramani, aweke kidole Namagondo, akifuate kitabu kwa kidole. Kezilahabi mwenyewe alizaliwa Namagondo, akafariki Dar es Salaam mwaka 2020. Sidhani kama aliwahi kuandika ziwa lile bila kujua linachukua muda gani kuvukwa.

Lakini kitabu kilichonimaliza ubishi ni Peponi. Ni riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994, na tukaipata kwa Kiswahili mwaka 2022 kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupewa tuzo ya Nobel. Kama hujaisoma, azima. Mtoto Yusufu, ana miaka kumi na miwili, anapandishwa treni na mtu anayemwita ami. Anadhani anakwenda kutembea. Kumbe amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Treni ile kwake mwanzoni ni raha, nani asiyependa treni akiwa na miaka kumi na miwili? Sisi wasomaji tunaanza kushtuka kabla yake. Baadaye anaingizwa kwenye msafara wa biashara kwenda bara, mguu kwa mguu, na wapagazi, na mnyapara mwenye roho ngumu, wakafike kwa Chatu wakapokonywe walivyonavyo. Watu wanaugua, wanaumwa na wadudu, wanakufa, mzigo unahama kutoka bega hili kwenda bega lile.

Jaribu kumsimulia rafiki yako habari za Yusufu. Utajikuta unatumia vitenzi vya kutendwa: akachukuliwa, akapelekwa, akaachwa, akaitwa, akarudishwa. Riwaya nzima anasafiri na hata safari moja si yake. (Ona, "utajikuta" imeniponyoka hapo juu. Ugonjwa huu hauponi upesi.) Mpaka ukurasa wa mwisho. Pale mwishoni Yusufu anakimbia, anaufuata msafara wa askari wa Wajerumani. Watu wanauliza kwa nini awafuate, si ni wabaya? Nimebishana juu ya jambo hilo mpaka chai ikapoa. Jibu langu ni kwamba hicho ndicho kitenzi chake cha kwanza. Miguu ni yake. Kwamba inampeleka kubaya, hiyo ndiyo huzuni ya kitabu. Sasa niambie, mwandishi angelianza kwa "siku moja Yusufu alijikuta kwa tajiri", mwisho ule ungetoka wapi?

Hapa nataka tugeukie lugha, maana kuna kijana mwenzetu atasema Kiswahili ni kikavu, hakina maneno ya mwendo, ndiyo maana tunaandika "akaenda" kila mstari. Si kweli hata kidogo. Mzee anajikongoja. Mwizi ananyata. Aliyeumia anachechemea, aliyelewa anapepesuka, asiye na kazi anarandaranda, mtoto asiyejua kusimama anasota, nyoka anatambaa, punda akichoka kutembea na hataki kwenda shoti anakwenda matiti. Na hayo ni ya nchi kavu. Ya baharini ndiyo hazina yenyewe. Sote tunasema mambo yamekwenda mrama, lakini wangapi kati yetu wanajua kwamba mrama ni kuyumba kwa chombo, ubavu huu na ubavu ule? Kubisha tunakujua mlangoni na kijiweni. Kwa nahodha kubisha ni kukipeleka chombo unakotoka upepo, unakata huku, unakata kule, unafika kwa kuzungukazunguka. Nilipojifunza maana hiyo kutoka kwa mzee mmoja wa Kilwa nilikaa kimya dakika nzima. Kumbe tunapobishana tunaendesha jahazi.

Lugha hii imekulia kwenye upepo. Kaskazi ilileta vyombo kutoka Uarabuni na Bara Hindi, kusi ikavirudisha, na aliyekosa upepo alikaa hapa mpaka mwaka mwingine, akaoa, akazaa. Na si vyombo peke yake. Kuna kereng'ende, mdudu asiyefika urefu wa kidole cha mtu mzima. Mwaka 2009 mtafiti Charles Anderson alichapisha hoja kwamba makundi ya kereng'ende yanayoonekana visiwa vya Maldives kuanzia mwezi wa kumi yanatoka India na yanaendelea kuvuka Bahari ya Hindi mpaka Afrika Mashariki kwa kupanda pepo hizo za msimu, na kwamba uzao wao unarudi kwa upepo wa kusi. Mdudu hana tanga, hana nahodha, hana deni la tajiri, na anapita njia ile ile ya jahazi. Nimemwona mara nyingi Temeke baada ya mvua, anaelea juu ya dimbwi. Nilikuwa namfukuza kwa kandambili.

Nasema haya kwa sababu kuandika mwendo kunaanza na kutazama, na sisi hatutazami. Twiga tumemchora tangu darasa la pili. Nani kati yetu ameandika kwamba twiga akitembea hunyanyua miguu ya upande mmoja karibu kwa pamoja, kisha ya upande wa pili, ndiyo maana anaonekana kama anayumba? Ngamia naye hivyo hivyo. Mtu akipanda ngamia anatikiswa kama yuko mashuani. Tunaandika "twiga alitembea kwa maringo" na kufunga daftari. Maringo tumeyatoa kichwani, hatukuyatoa kwa twiga.

Lakini tahadhari. Baada ya kuisema hoja hii kikundini, mwenzetu mmoja alileta hadithi ambamo hakuna hata mtu mmoja anayetembea kawaida. Baba ananyata, mama anachechemea, shangazi anajiburura, mgeni anapepesuka, mpaka tukadhani tuko wodi ya mifupa. Kitenzi cha mwendo ni kama chumvi. Mara nyingi "akaenda" inatosha kabisa, ila lazima ujue kwamba umechagua, si kwamba umeshindwa.

Tukija kwenye mashine, ndipo ninapoona aibu zaidi, kwa sababu mashine tunaishi nazo. Sisi ni watoto wa daladala. Jina lenyewe ni hadithi, limetoka kwenye nauli ya dala moja, shilingi tano, miaka ya 1980. Wazee wanasimulia magari yaliyoitwa chai maharage, ambayo mlikaa mmetazamana magoti kwa magoti. Sisi tumekulia kwenye vipanya, unasimama umeinama shingo kama unasujudu, kwapa la mtu usoni. Konda anapiga bati, mara moja simama, mara mbili twende. Jioni pale Kariakoo gari la Gongo la Mboto halipandwi mlangoni, linapandwa dirishani, na aliyevaa suti anatangulizwa miguu. Mwanafunzi anaachwa kituoni kwa sababu anatoa nauli pungufu. Nimeachwa mimi, na sare yangu, mvua inanyesha, konda ananiambia "denti mmoja tu" na huyo mmoja si mimi. Haya niambie, katika hadithi zetu za maisha ya mjini mwanafunzi huyo yuko wapi? Nimesoma hadithi kumi za wapenzi waliokutana ndani ya gari la kiyoyozi. Sijasoma hata moja ya wapenzi waliokutana kwa sababu wote wawili waliachwa kituoni.

Na guta? Yule jamaa wa baiskeli ya magurudumu matatu aliyepakia kreti za soda, akifika mwinuko anashuka, analala mbele karibu mlalo, mikono imenyooka, anasukuma mpaka mishipa ya shingo inatoka. Wa mkokoteni wako wawili, mmoja anavuta mmoja anasukuma, na wakiteremka breki ni visigino. Huyu ni Rashidi wa Kuli, hajafa, amehama tu kutoka bandarini. Tunampita kila siku tukimpigia kelele aondoke barabarani. Kisha tunakaa kuandika riwaya kuhusu mtoto wa tajiri aliyesoma Ulaya.

Hata ukweli wa kawaida tunaukosea. Nilisoma hadithi moja iliyowekwa mwaka 2015, mhusika yuko ndani ya basi la Mwanza saa tisa usiku, basi linakata upepo. Mwaka 2015 basi lingekuwa limelala njiani, abiria wamejikunyata kwenye viti au wamejilaza nje juu ya khanga, kwa sababu mabasi yalizuiwa kusafiri usiku kucha tangu miaka ya 1990 na ruhusa ilirudi mwaka 2023. Mwandishi alitupa bure usiku mzuri kuliko wote katika hadithi yake. Watu hamsini wasiojuana, wamesimamishwa na sheria, gizani, karibu na mama wa maharage na wali. Mimi ningekufa nao usiku ule.

Dada mmoja wa kikundi chetu, hodari kuliko mimi, alinipinga. Alisema: "Kaka, hayo ni ya zamani. Siku hizi watu hawasafiri, wanafika tu." Akanitajia treni ya umeme ya SGR, ambayo tangu mwaka 2024 inatoka Dar es Salaam mpaka Dodoma kwa mwendo unaofika kilomita 160 kwa saa. Unakaa, unafumba jicho, umefika. "Sasa 'alijikuta' ndiyo kweli," alisema, na watu wakacheka, nami nikacheka.

Nikadunduliza, nikaipanda mpaka Morogoro, nimjibu. Kilichonishangaza si kasi, ni ukimya. Watu walewale ambao asubuhi hiyo hiyo walikuwa wamegombania daladala kwa viwiko, sasa wamekaa wima, mikoba magotini, sauti za chini, kama wanasubiri kuitwa na daktari. Bibi mmoja alivua viatu kabla hajapita kwenda kwenye kiti chake, binti yake akamwambia avae, akavaa, akaona haya. Nje miti inapita upesi hata huwezi kuihesabu, na yule bibi alikuwa ameshika ukingo wa kiti muda wote ingawa gari halitikisiki. Mwili wake bado ulikuwa kwenye treni ya zamani. Hiyo ni hadithi, tena imechukua kama saa mbili tu. Dada alipoisikia alisema nimebahatisha bibi. Inawezekana.

Nimebakiza jambo ambalo nimekuwa nalizungukia, nalibisha kama yule nahodha.

Tatu nilimchonga kutokana na mama yangu. Sikumwambia mtu, wala mama mwenyewe. Yeye alitoka Tabora mwezi wa sita mwaka 1996, akaja hapa, mimi nikiwa tumboni. Hilo nilijua tangu utotoni na ndilo lote nililolijua. Baada ya muswada kurudi nilikaa wiki kadhaa, kisha jioni moja anachambua mchele nikamwuliza:

"Mama, ulifikaje Dar?"

"Kwa treni."

"Najua kwa treni. Ulifikaje?"

Akanitazama kama ninaumwa. Kisha akasema, "Nani aliwahi kuniuliza, baba?" na akaendelea kuchambua mchele, na akaanza.

Treni ilipofika Tabora behewa la daraja la tatu lilikuwa limeshajaa watu wa Mwanza. Mzigo wake ulitangulia dirishani, kisha yeye akanyanyuliwa na mwanamume asiyemjua, ambaye hakumwona tena. Alikaa juu ya mzigo wake, ujiani, karibu na mlango wa choo. Kila mtu alipoingia chooni ilibidi akunje magoti, na alipotoka akunje tena. Tiketi aliifunga kwenye pindo la khanga. Mimba hakuna aliyeijua, kichefuchefu alikimeza. Watu wa Mwanza walikuwa na habari moja tu, MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei, haijapita hata miezi miwili. Mtu mmoja alikuwa amezika ndugu wawili na alisimulia usiku kucha kwa sauti ile ile moja, hapandishi, hashushi. Mpaka leo mama akipanda kivuko cha Kigamboni husimama katikati kabisa, hashiki ukingo, hatazami maji. Miaka yote nilidhani ni ushamba, na nilikuwa namtania.

Porini treni ilisimama saa nyingi bila maelezo. Watu walishuka, wakawasha moto, wakapanda. Alipofika Dar miguu ilikuwa imevimba kwa kukunjwa, viatu havikuingia. "Niliingia mjini pekupeku," alisema, "viatu nimeshika mkononi, sitaki watu wadhani sina."

Nami nilikuwa nimemvalisha viatu vya kuchuchumia.

Sikumwonyesha muswada. Niliufungua ukurasa wa 41 nikakata ile sentensi, nikaanzia dirishani kwa ule mzigo unaotangulia. Yule mhariri sijamrudia, na sijui kama bado yuko pale. Sura ya tatu sasa ina kurasa kumi na tisa. Kuna mtu ananisimulia habari za meli kwa sauti isiyopanda wala kushuka na sijui nimnyamazisheje, na Tatu bado hajafika Morogoro.